Chale Ambazo Bi Tunu Hakuzichanja

Bi Tunu binti Mwishehe hakuwa mtu wa kupendeka, na alipofika miaka sitini hakuona sababu ya kuanza. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti kavu, na kila asubuhi alifagia uwanja wake kwa hasira utadhani mchanga umemtukana. Nyumba yake ya udongo na makuti ilikuwepo Temeke kabla Mwingereza hajaja na kamba zake kupima viwanja. Kota za serikali zilipojengwa, zilimfikia hatua ishirini kutoka mlangoni, zikasimama hapo zikimtazama. Nyuma ya nyumba palikuwa na makaburi matatu madogo, ya wanawe watatu ambao hata mmoja hakuwahi kuota meno ya ukubwani. Mtu akimshauri ahamie kwa nduguze Kisarawe, alimwonyesha makaburi, kisha akamwonyesha njia.

Kazi yake ilikuwa kuchanja chale. Aliirithi kwa bibi yake mzaa mama, na hakuwa na nyingine. Mwenye kichwa kinachogonga alikwenda kwake, mwenye mgongo, mwenye magoti, mama mwenye mtoto wa degedege. Aliwachanja chale fupi mbili mbili penye viungo, akazisugua kwa dawa nyeusi, akawaambia waondoke. Hakuwa mpiga ramli, hakupunga mashetani, wala hakumjua jini hata mmoja kwa jina. Watu wa kota, waliokuja na masanduku yao ya bati na picha zao za watakatifu, hawakujua tofauti hiyo na hawakuuliza. Kwao kila bibi mwenye wembe alikuwa mchawi.

Kuna jambo bibi yake alimfundisha ambalo halikuhusu wembe. Zama za Mdachi, Tunu akiwa mwari, alikuwepo hamali mmoja wa bandarini aliyefiwa na mkewe kwa uzazi. Hakulia msibani, watu wakamsifu kuwa ni mwanamume kweli. Baadaye akaanza kuja kuchanjwa kichwa. Kila akichanjwa alishusha pumzi, uso ukalainika, akalala palepale ukumbini. Akarudi baada ya mwezi, kisha baada ya wiki mbili, kisha kila Ijumaa, na kichwa chenyewe hakikuwa na kitu. Siku moja bibi akaufunga wembe ndani ya kitambaa, akamwambia kinachomtuliza si dawa, ni maumivu, na maumivu hayashibi. Akamkalisha chini, akamtaka amtaje mkewe kwa jina. Mtu mzima yule alilia mpaka alasiri, na Tunu akadhani bibi yake kamroga.

Basi, mwaka wa hamsini na mbili, katika kota iliyomkabili Bi Tunu, akahamia Karani Gaudens wa forodha. Alikuwa Mhaya kutoka Bukoba, kaptula yake ya kaki imepigwa pasi ya kukata nyama, soksi mpaka magotini, baiskeli yake inang'aa kuliko mustakabali wa jirani zake wote. Alikuja na mkewe Apolonia na watoto wawili: msichana wa miaka kumi na mitatu aitwaye Kokushubila, mwanafunzi wa shule ya masista, na kivulana kilichokuwa ndiyo kwanza kinatambaa, Revelian.

Hawakupatana tangu wiki ya kwanza. Bi Tunu alipowaona wanakaanga senene walioletewa kutoka kwao, alitangaza bombani kwamba serikali imemletea majirani wala panzi. Apolonia naye akampa jina la Mama Wembe, akawakataza wanawe kukanyaga uwanja wake. Lakini huo ulikuwa ugomvi wa majirani tu, wa kutiana utani wenye sumu kidogo. Uadui wa kweli ulianza masika ya mwaka uliofuata, Revelian alipokufa kwa homa.

Wanawake wa mtaa walisikia habari kesho yake mchana, wakafanya kama inavyofanywa Pwani. Walijitanda kanga, wakabeba mikeka kichwani na sufuria za uji, wakaenda kukaa matanga. Bi Tunu alikuwa mbele, panzi au si panzi, maana msiba hauna jirani mbaya. Walimkuta Gaudens mlangoni ameshika kitasa. Aliwaambia kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba anashukuru, mtoto amekwisha kuzikwa na padri, na kwamba nyumbani kwake watu walioendelea hawapigi mayowe wala hawalalii mikeka. Akawataka warudi makwao. Hata Wahaya wenzake, ambao nao huwalilia wafu wao vilivyo, walishangaa. Wanawake wakageuka na mikeka yao vichwani, na tangu siku hiyo hakuna aliyemjibu Apolonia salamu kwa moyo.

Miezi tisa ikapita. Mwezi wa pili ulipofika, jua la Dar likiwa linachoma mpaka kuku wanatwetea kivulini, Bi Tunu akaona kitu. Kokushubila, sasa ana miaka kumi na mitano, alikuja bombani kila siku amevaa sweta la sufu la shule, mikono mirefu imevutwa mpaka vidoleni. Alikuwa amekonda. Alikuwa haongei na mtu. Wasichana wenziwe walimcheka kwamba Bukoba kumemfuata na baridi yake.

Asubuhi moja ndoo ilimponyoka. Alipoinama kuidaka, mkono wa sweta ulipanda mpaka kwenye kiwiko, na wanawake sita wakaona alama zilizojaa kwenye mkono wake wa kushoto, nyingine za siku nyingi na nyingine mbichi. Aliyesema ni Tabu, mke wa dobi, ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika tangu abalehe.

"Kumbe mtoto wa kanisa kachanjwa chale," akasema.

Wote wakamgeukia Bi Tunu. Naye alikuwa ameziona zile alama kwa jicho la mtu mwenye kazi yake, na alijua mara moja kwamba si chale. Chale hukaa penye viungo, mbili mbili, na hubaki nyeusi kwa dawa. Hizi zilikuwa zimekaa mahali ambapo mkono wa kulia wa mtu unafika wenyewe. Alielewa. Akakaa kimya, na kimya chake wakakihesabu kuwa kukiri.

Kabla ya adhuhuri Apolonia alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa Bi Tunu, kilemba kimemlegea, mate yanamkauka kwa hasira. Alisema amejua siku nyingi kwamba yule bibi aliwaonea kijicho. Alisema mwanawe wa kiume alikufa katika mazingira asiyoyaelewa, na sasa anaona mkono wa kazi hiyo. Bi Tunu alimwacha amalize, kisha akamwambia akitaka kumtukana aanze kwanza kutoka kwenye mchanga wake aliokwisha kuufagia. Jioni ile Gaudens akaandika barua kwa Jumbe Hija, kwa herufi zake nzuri za forodha, akiomba mwanamke huyo aondolewe Temeke kwa sheria ya uchawi. Sheria hiyo haikuwa mchezo. Jumbe akishawishika, angepeleka maneno kwa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, naye alikuwa na uwezo wa kumwamuru mtu akaishi mahali pengine mpaka afe. Baraza likapangwa Alhamisi. Bi Tunu alikaa akayatazama makaburi yake matatu, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi akaogopa.

Kinga yake ilikuwa rahisi. Angesimama barazani, akaomba mkono wa mtoto ufunuliwe, akaonyesha kwa nini zile si chale. Mzee yeyote wa Kizaramo angeona. Angerudi nyumbani kwake na jina safi, na mtoto angebaki pale mbele ya mtaa mzima na siri yake nje. Bi Tunu alilifikiri hilo usiku mzima na asubuhi akaamua atafanya hivyo hivyo. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na yeye hakuwa na deni na watu waliomfukuza msibani.

Jumanne mchana, Apolonia akiwa sokoni, Kokushubila akaja. Alisimama kwenye kizingiti na sweta lake.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mama yako anajua uko hapa?"

"Hapana."

"Basi sema upesi. Nishaitwa mchawi, sitaki kuitwa na mwizi wa watoto."

Msichana akasema alichokijia, na alikisema kama mtu aliyekikariri njiani. Alimwomba Bi Tunu amchanje chale za kweli, juu ya zile alama. Yeye angesema barazani kwamba aliomba mwenyewe, kwa ajili ya kichwa. Hivyo bibi hangekuwa mchawi, na watu hawangejua.

Bi Tunu alipandwa na hasira. Alimuuliza kama masista wanamfundisha ujinga huo au kauleta mwenyewe kutoka Bukoba. Alimwambia wembe wake haukutengenezwa kufunika uongo wa watoto wa makarani. Kokushubila hakuondoka. Hakulia pia, na hilo ndilo lililomnyamazisha Bi Tunu, maana mtoto aliyetukanwa namna ile hulia au hujibu. Huyu alisimama tu, macho makavu, kama aliyesikia habari za mtu mwingine.

"Umejiumiza mwenyewe," Bi Tunu akasema.

Msichana akauvuta mkono wa sweta mpaka vidoleni.

"Unataka kufa?"

"Hapana, bibi. Sitaki kufa."

"Basi unataka nini?"

"Nataka ipungue."

"Kipungue kitu gani?"

Kokushubila akafikiri sana. Akasema hajui jina lake. Inajaa kifuani siku nzima, na nyumbani hakuna pa kuiweka. Siku nyingine haijai, ila hasikii chochote kabisa, hata chakula hakina ladha, hata akiitwa jina lake anaona anaitwa mtu mwingine. Akijiumiza inanyamaza kidogo. Kisha anaona aibu, na ile aibu inarudi kujaa palepale.

Baadaye, mambo yalipokwisha, walikuwepo watu bombani waliosema mtoto yule alifanya vile ili atazamwe. Watu hupenda kusema hivyo, maana ni maneno rahisi na hayamgharimu msemaji kitu. Anayetaka kutazamwa havai sweta la sufu mwezi wa pili. Wengine walisema ni kukosa fimbo. Fimbo ingemwongezea tu sababu.

Bi Tunu akamtandikia mkeka. Hakumkumbatia, hakuwa na mikono ya hivyo. Alimwambia aanze mwanzo, na mwanzo, kama alivyotazamia, ulikuwa Revelian.

Siku ile mama alikwenda misa ya alfajiri, akamwacha dada mtu na mgonjwa. Kokushubila alimpa maji, Revelian akanywa, akageukia ukutani akalala. Yeye akavuta ungo wa maharage akaanza kuchambua, akimwimbia kwa sauti ndogo asije akaamka. Alichambua ungo mzima. Mama aliporudi alimgusa mtoto, akakuta amekuwa wa baridi.

"Akasema, 'Umekaa na maiti ukachambua maharage,'" Kokushubila alisema. "Hajasema neno jingine tangu hapo. Baba alisema tusilie, na jina lake tusilitaje, mama asije akaumia. Basi hatulitaji. Maharage tunakula."

 Bi Tunu alikuwa na maneno mengi makali tayari mdomoni, yote ya Apolonia na mumewe, na kwa shida sana akayameza. Badala yake akauliza Revelian alikuwa mtoto wa namna gani. Msichana akamtazama asielewe. Bi Tunu akarudia, kwa ukali, kwamba anauliza mtoto alikuwa wa namna gani, alipenda nini, aliogopa nini. Basi Kokushubila akaeleza polepole kwamba aliogopa mbuzi. Kwamba alilala ameshika sikio la dada yake, na akiliachia aliamka. Kwamba aliiita baiskeli ya baba "ng'ombe". Hapo akacheka, kisha akashtuka kwamba amecheka, akafunika mdomo.

Alikaa mpaka kivuli cha nyumba kikavuka uwanja. Alipoinuka, Bi Tunu alimwambia hatamchanja, si leo wala siku nyingine, na hicho kitu kikimjaa aje akae palepale alipokaa, hata kama mwenye nyumba anakoroma.

"Utamwambia mtu?"

"Nitamwambia mama yako."

Kokushubila akapiga magoti. Alisema baba atamrudisha Bukoba, masista watamfukuza, watu watasema ana wazimu. Bi Tunu alimwinua kwa kumvuta bega.

"Mie sikukuahidi kitu," akasema. "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sitaki kukuzika nawe."

Jumatano asubuhi, Gaudens alipokwisha kupanda baiskeli yake, Bi Tunu akavuka zile hatua ishirini. Alikuwa hajawahi kuingia nyumba ile. Palikuwa na meza yenye kitambaa cha kufuma, picha ya Bikira Maria, na harufu ya dawa ya viatu. Apolonia alikuwa anakata ndizi. Alimwambia atoke kabla hajaita watu.

Bi Tunu alimwambia aite, ila asikie kwanza. Akamweleza alivyoziona zile alama, kwa nini si chale, na mkono uliozifanya ni wa nani. Aliyasema kwa ufupi, kama mtu anayeelekeza njia.

Apolonia alikana. Mwanawe ni msichana safi, anasali rozari kila jioni, hana kichaa, ukoo wao hauna kichaa. Hayo yote ni hila ya mchawi aliyebanwa. Aliyasema akikata ndizi kwa kasi mpaka zikawa ujiuji.

"Kaniambia habari ya maharage," Bi Tunu akasema.

Kisu kikasimama. Apolonia akaenda akafunga mlango, akarudi, akabaki amesimama. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa ya chini, na ilikuwa mbaya kuliko yale makelele.

"Hata kama ni kweli, wewe utaondoka. Watu wakijua, nani atamwoa? Masista watamweka? Afadhali waseme alirogwa. Aliyerogwa huonewa huruma. Wewe ni mzee, huna mtu. Unapoteza nini?"

"Watoto watatu, nyuma ya nyumba yangu."

"Wamekwisha kufa."

"Na wako naye kafa," akasema Bi Tunu. "Lakini wangu niliwalilia, ndiyo maana naweza kuwataja. Yule uliyebaki naye anakufa kidogo kidogo humu ndani, unamtazama."

Apolonia akamtemea mate. Yalimpata Bi Tunu kwenye kanga, hapa kifuani. Akajifuta kwa ncha ya kanga yenyewe, akafungua mlango, akatoka. Kama angekuwa mwanamke mwema zaidi angemhurumia. Hakumhurumia hata kidogo. Aliapa njiani kwamba kesho atamvua nguo barazani.

Alhamisi baraza lilijaa. Watu waliacha kazi zao kuja kuona Mama Wembe anavyofungashwa. Jumbe Hija alikaa kwenye kiti chake cha mkono mmoja, mzee mnene mwenye usingizi, ambaye alionekana hasikii lakini hakukosa neno. Gaudens alisoma barua yake kwa sauti, Tabu akatoa ushahidi wa bombani akaongeza mambo mawili ambayo hakuyaona, na watu wakaguna. Mtu mmoja kutoka nyuma akasema wachawi wote wapelekwe Madale huko porini wakalane wenyewe. Watu wakacheka.

Kisha Jumbe akamwita Bi Tunu ajitetee.

Akasimama. Maneno alikuwa nayo yote. Akamtafuta Kokushubila kwa macho, akamwona ameketi chini miguuni pa mama yake, mkono wa kushoto ameukumbatia tumboni. Hakuwa akimtazama mtu. Midomo yake ilikuwa imeanza kubabuka kwa jua, na Bi Tunu akafikiri, hasira yake yote ikiwa ipo bado, kwamba mtoto huyu hana hata mtu wa kumwambia apake mafuta.

"Sikumchanja," akasema Bi Tunu. "Mengine aulizwe mama yake." Akakaa.

Pakawa na zogo. Tabu akasema huko ndiko kushindwa. Jumbe akasubiri watu wanyamaze, kisha akamwita Apolonia mbele. Alimwambia yeye ni Mkristo, basi ashike msalaba wake aape. Aape kwamba anajua, si kwamba anadhani, kuwa mwanamke huyu ndiye aliyetia alama zile. Akiapa, barua itakwenda kwa Bwana Shauri leo hii.

Apolonia akatoa rozari mfukoni. Akaushika msalaba mdogo katikati ya vidole viwili. Akafungua mdomo, akaufunga. Gaudens akamsukuma kwa neno la Kihaya. Akafungua tena.

"Ni mimi," akasema.

Jumbe akauliza anasema nini.

"Alama hizo ni mimi. Mama yake."

Gaudens akasimama akamwambia anyamaze, anamwaibisha. Kokushubila naye aliinua kichwa, uso umempauka, akaanza kusema si kweli, mama hakumgusa. Apolonia hakumjibu Jumbe tena wala mumewe. Aliinama mpaka akawa uso kwa uso na mwanawe, akasema kwa Kiswahili, mbele ya wale wote waliokuja kucheka, kwamba misa ile iliisha saa moja. Kwamba yeye alirudi saa nne. Kwamba alisimama dukani akichagua kitambaa cha gauni, mtoto ana homa nyumbani.

"Kikombe nilikiona," akasema. "Ulimpa maji. Mimi sikuwepo, wewe ulikuwepo. Nikakutupia wewe."

Hakuna aliyeguna. Wengi hawakuelewa habari ya kikombe wala kitambaa. Walielewa tu kwamba mwanamke wa karani amekiri kumwumiza mwanawe, na hilo lilitosha kuwalisha mwezi mzima. Jumbe akaichana barua. Akamwonya Apolonia kwa maneno mazito juu ya kumjeruhi mtoto, na Apolonia akayapokea yote kichwa chini, kama ni haki yake. Gaudens akachukua baiskeli akaenda kazini bila kuwatazama.

Njiani kurudi, Bi Tunu alisikia hatua nyuma yake. Hakugeuka.

"Usidhani nakupenda," akasema Apolonia.

"Wala mie. Na kanga yangu utaifua."

Alasiri ile, watu wakiwa wanapika, kilio kikatoka kota. Kilianza na sauti ya msichana, nyembamba, kisha kikafunguka kikawa kilio cha mtu mzima kinachotoka tumboni, na sauti ya pili ikajiunga nacho. Mtaa mzima ukatoka nje. Wakakimbilia kule wakidhani mama kamwua mtoto, au karani kamwua mkewe kwa yale ya asubuhi. Tabu alifika wa kwanza, akauliza nani amekufa.

Apolonia alikuwa mlangoni, kilemba hana, nywele timutimu. Kokushubila alikuwa amemshikilia kiunoni, sweta limevuliwa, na mama yake alikuwa amemfunika mikono kwa kanga.

"Kafa mwanangu Revelian," akasema. "Njooni mnisaidie kulia."

Wanawake wakatazamana. Kulikuwa na wengi pale ambao hawakusahau walivyofukuzwa, na mmoja akasema kwa sauti kwamba mtoto huyo ana miezi tisa kaburini, wamekumbuka leo. Bi Tunu hakumsalimu Apolonia. Alirudi kwake, akautoa mkeka, akauweka kichwani, akavuka. Akautandika karibu na mlango, akakaa, akanyoosha miguu. Kisha mwingine akaja, na mwingine, na Tabu naye na sufuria ya uji, akilalamika.

Zile alama hazikukoma siku moja. Zilirudi mara mbili mwaka ule, na mara zote mbili Kokushubila alimwambia mama yake kabla hazijapona. Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile, saa kumi na moja, Gaudens alirudi kutoka forodhani akakuta nyumba yake imejaa mikeka mpaka uani, wanawake wanalia na wengine wamechoka kulia wanazungumza, na jina la mwanawe linatajwa kila upande. Mkewe alikuwa anaeleza watu asiowapenda jinsi mtoto alivyoiita baiskeli ng'ombe. Gaudens alisimama ameishika hiyo baiskeli, amevimba, akitafuta maneno yake yaliyonyooka. Hakuna aliyempisha.

"Vua viatu, karani," Bi Tunu akasema kutoka pale alipokaa. "Nyumba hii ina msiba."

 Gaudens akaiegemeza baiskeli ukutani, akainama, akaanza kufungua kamba.